Macho ya Baba ni Mazima, Mbona Haoni Kushoto?

SWALI: Assalamu alaykum, Bi Muuguzi. Baba yangu ana miaka 68, mkulima wa karafuu hapa Konde. Wiki tano zilizopita aliamka kichwa kinamgonga, akasema upande mmoja wa chumba umepotea. Spitali walisema ni kiharusi. Mikono na miguu haikudhurika na anazungumza vizuri, alhamdulillahi. Lakini hujigonga bega la kushoto kila apitapo mlangoni, na hubakisha wali wa upande wa kushoto wa sahani. Nikimzungushia sahani, huula. Kinachomliza ni msahafu. Anasoma tangu utotoni, na sasa kila mstari anakwama katikati. Tulikwenda duka la miwani tukauziwa miwani, haikufaa kitu. Watu wanatwambia jicho la kushoto limekufa. Ni kweli? Na dawa ipo?
*Binti yake, Konde, Pemba*

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mpe baba pole zangu. Kabla sijasema mengi, nataka leo jioni ufanye jambo moja. Kaa mbele yake, magoti yenu yakaribiane. Mwambie azibe jicho la kushoto kwa kiganja, na lile la kulia alikazie puani mwako, asilihamishe. Nyanyua vidole viwili upande wake wa kushoto, umuulize ni vingapi. Kisha abadilishe, azibe la kulia, umuulize tena.

Kama jicho la kushoto ndilo lililokufa, la kulia likiwa peke yake lingeviona vidole vile. Kwa maelezo yako naamini hutakuta hivyo. Utakuta jicho la kulia halioni kushoto, na la kushoto nalo halioni kushoto, lakini yote mawili yanaona kulia. Macho mawili hayafi nusu nusu, upande ule ule, asubuhi moja. Palipoumia ni pale habari za macho yote mawili zinapokutana, na pale si usoni. Ni kisogoni.

Njia yenyewe ni hii. Kila jicho hutoa mshipa wa fahamu wenye nyuzi kama milioni moja. Mishipa hiyo miwili hukutana chini ya ubongo, na hapo nyuzi zinagawana: zinazotoka upande wa jicho ulio karibu na pua huvuka kwenda ng'ambo, zinazotoka upande wa sikio hubaki upande wao. Kwa hiyo kila kilicho kushoto kwa pale unapotazama, kiwe kimeonwa na jicho lipi, habari zake huenda ubongo wa kulia; na vya kulia huenda ubongo wa kushoto. Katikati ya safari kuna kituo kidogo kilichopinda kama goti, chenye matabaka sita. Hapo habari za jicho moja bado hazijachanganyika na za jicho la pili. Kila tabaka lina jicho lake. Kutoka kituo hicho nyuzi zinasafiri hadi nyuma kabisa ya kichwa. Weka kiganja chako kisogoni, juu kidogo ya shingo. Uko karibu na pahala tunapoonea.

Pahala hapo ni gamba la ubongo lenye unene wa kama milimita mbili tu, na wanasayansi huliita V1, eneo la mwanzo la kuona. Lina alama yake, mstari mweupe unaoonekana hata bila ya darubini. Francesco Gennari, mwanafunzi wa udaktari huko Parma, Italia, aliuona mwaka 1776 alipokuwa akikata ubongo uliogandishwa. Hakujua kazi yake. Aliyetuonyesha kwamba ndani ya gamba hilo mna ramani ni daktari wa macho wa Kijapani, Tatsuji Inouye. Katika vita vya Japani na Urusi vya 1904 na 1905 alipewa kazi ya kuwapima askari waliopigwa risasi kichwani, ili ijulikane walipwe kiinua mgongo kiasi gani. Risasi za bunduki za Urusi zilikuwa nyembamba na za kasi: zinaingia huku zinatoka kule, na askari anabaki hai. Inouye alipima tundu la kuingilia na la kutokea, akachora njia ya risasi ndani ya ubongo, kisha akaulinganisha mchoro huo na sehemu ambayo askari haoni. Risasi ikipita hapa, doa la upofu liko pale. Mwaka 1909 alichapisha ramani yake.

Ramani hiyo imepinduka. Vya juu viko chini, vya chini viko juu, vya kushoto viko kulia. Halafu haigawi kwa haki. Nyoosha mkono ukunje ngumi: upana wa ngumi yako ni kama digrii 10. Eneo lisilozidi ngumi moja kutoka pale unapokazia macho, kila upande, linachukua karibu nusu ya gamba zima la V1. Dunia yote iliyobaki inagawana nusu ya pili. Ndiyo maana tundu la sindano unaliona ukilitazama tu, na mtu anayepita kando unajua kuna mtu lakini hujui ni nani.

Sasa rudi kwa baba. Mshipa wa damu unaolisha kisogo cha kulia uliziba, na nusu ya ramani ikakosa chakula. Hafanyi uzembe anapojigonga mlangoni, wala hakubakisha wali kwa kukosa hamu. Upande ule kwake si giza wala si ukungu, ni kama nyuma ya kichwa chako wewe sasa hivi. Huoni weusi kule nyuma. Huoni kitu. Tafadhali waeleze watoto wa nyumbani hili, maana nimeona wazee wakigombezwa kwa kumwaga chai ambayo kwao haikuwepo.

La msahafu limenigusa zaidi, na nadhani nalielewa. Kiarabu huenda kutoka kulia kwenda kushoto. Msomaji yeyote, jicho likiwa kwenye neno hili, ubongo tayari umeshachungulia neno linalofuata ili ujue jicho liruke hadi wapi. Kwa baba neno linalofuata liko kushoto kila mara, yaani ndani ya upande uliopotea. Kila neno analianza kama mtu ashukaye ngazi usiku. Mpe gazeti la Kiswahili utaona tofauti: herufi za kizungu zinakwenda kulia, kule anakokuona, kwa hiyo atasoma mstari bila ya shida kubwa ila atasumbuka kuupata mwanzo wa mstari wa pili. Baba wa watu hajasahau kusoma. Hebu mwombe asome sura anayoijua kwa moyo, utamsikia.

Hili ndilo la kufanya. Asomapo, kidole cha kushoto kitangulie neno moja mbele, na macho yakifuate kidole. Ukingoni mwa kushoto mwa ukurasa weka utepe mwekundu, aambiwe mstari haujesha mpaka macho yaguse wekundu. Ajizoeshe kugeuza kichwa kushoto kabla ya kila mlango na kabla ya kila lokma. Kwanza itambidi akumbushwe, baadaye itakuwa ada. Sehemu ya alichopoteza inaweza kurudi yenyewe katika miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo mazoezi ndiyo yatakayombeba. Msinunue miwani nyengine kwa ajili ya hili. Mzee mmoja wa Mkoani alinijia na miwani tatu mfukoni, zote amezinunua baada ya kiharusi, kila muuzaji akimpa nzito kuliko ya kabla yake, na hakuna hata mmoja aliyemziba jicho moja akamwonyesha vidole. Pesa ile ingenunua dawa za presha za mwaka.

Na presha ndiyo kazi kubwa. Ipimwe, dawa zimezwe kila siku hata anapojihisi mzima. Asipande mkarafuu msimu huu, asiendeshe pikipiki, na barabarani ashikwe mkono wa kushoto. Akija kupinda mdomo, kulegea mkono au kupoteza upande mwengine wa kuona, mkimbizeni spitali saa ile ile.

SWALI: Bi Muuguzi, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Tumefundishwa kuwa picha jichoni huwa imepinduka na ubongo unaigeuza. Nani basi anayeitazama picha hiyo ndani ya ubongo? Na kwa nini vitabu vyote vinazungumza habari za kima?
*Mwanafunzi, Chake Chake*

JIBU: Swali lako la kwanza ni zuri kuliko jibu ulilofundishwa skuli. Hakuna anayeitazama, na picha haigeuzwi. Umesoma hapo juu kwamba hata V1 ramani iko juu chini, na hakuna ubaya, kwa sababu ndani hamna mtu aliyesimama akaiona imepinduka. Kilichomo ni seli, na kila seli ina jambo lake dogo inalolipigia kelele.

Hilo tulilijua kwa bahati. Mwaka 1958 huko Baltimore, Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel waliweka sindano nyembamba kwenye gamba la kuonea la paka ili wasikilize seli moja, wakawa wanamwonyesha madoa kupitia vipande vya kioo. Seli kimya. Saa zikapita. Ghafla wakati wa kuchomeka kipande cha kioo, seli ikaanza kulia mfululizo. Si kwa ajili ya doa. Ni ukingo wa kioo uliotupa kivuli chembamba, mstari ulioinama kwa namna fulani. Seli ile ilikuwa ikingoja mstari, tena ulioinama vile vile. Wakaendelea kwa kima, na mwaka 1981 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa kima walikuta utaratibu ambao mimi kila nikiufikiria naona mkeka wa bibi yangu. Unajua mkeka hushonwa kwa mashupatu, moja la miyaa iliyotiwa rangi, moja jeupe, moja la rangi, moja jeupe. Gamba la V1 liko hivyo: shupatu la jicho la kulia, kando yake shupatu la jicho la kushoto, kila moja lina upana wa karibu nusu milimita. Hapo ndipo macho mawili, yaliyokuja mbalimbali safari nzima, yanapolala ubavu kwa ubavu yapate kushonwa kuwa kitu kimoja. Na ndani ya mkeka huo ukisogeza sindano kidogo kidogo kwenda kando, mstari unaopendwa na seli nao unageuka kidogo kidogo kama mshale wa saa: wima, umeinama, umelala. Ukiishusha sindano moja kwa moja kwenda chini, haugeuki. Katika kipande cha takriban milimita moja mna macho yote mawili na mielekeo yote, kisha kipande cha jirani kinaanza upya kwa sehemu nyengine ya ramani.

Kutoka V1 habari huenda maeneo mengine ya gamba, yaitwayo V2, V4 na kwengineko. Daniel Felleman na David Van Essen walikusanya yaliyojulikana kuhusu kima aina ya makaki mwaka 1991, wakahesabu maeneo 32 ya kuonea na njia 305 zinazoyaunganisha. Kwa jumla kuna mikondo miwili: wa juu unaoshughulikia kitu kiko wapi na kinakwendaje, na wa chini unaoshughulikia kitu hicho ni nini, ikiwemo nyuso. Eneo moja la mkondo wa juu, MT, kazi yake ni mwendo. Mwaka 1983 Josef Zihl na wenzake walieleza habari za mwanamke wa Kijerumani aliyeumia pande zote mbili karibu na hapo. Alikuwa akiona rangi, akiona nyuso, lakini akimimina chai aliiona imeganda hewani kama barafu, na kikombe kinafurika bila ya kuona kikijaa. Alikuwa akiogopa kuvuka barabara: gari liko mbali, halafu liko hapa.

Kuhusu kima. Wametumika kwa sababu kisogo chao na chetu vinafanana mno: macho yametazama mbele, nyuzi zinagawana nusu kwa nusu, eneo la katikati limepewa gamba kubwa. Wengi walitolewa roho kwa elimu hii, na ninapoifundisha hutaka mwanafunzi alijue na hilo. Wala huna haja ya kwenda mbali kuwaona jamaa zao. Nenda msitu wa Jozani umtazame kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake, akipima tawi kabla ya kuruka. Jicho lake lina aina tatu za seli za rangi kama lako. Kisha usiku msikilize komba mnazini, yule tunayemsingizia ulevi wa tembo. Umulike uone macho yanavyowaka. Jicho lake lina aina moja tu ya seli hizo, maana mnyama wa usiku rangi si haja yake. Lakini mwaka 1973 watafiti walilikuta eneo la MT kwenye ubongo wa komba wa aina ya Senegal. Jamii yake na yetu ziliachana zamani za zamani, na bado sote tuna pahala pamoja pa kuonea mwendo. Mwambie mwalimu wako komba naye yumo kitabuni.

SWALI: Kila baada ya miezi naona mstari unaomeremeta kama meno ya msumeno. Unaanza mdogo katikati, unakua, unatokea pembeni, kisha kichwa kinauma nusu. Nimesomewa na nimepewa kombe. Mama anasema ni jini la baharini.
*Dada wa Makunduchi*

JIBU: Kisomo hakina madhara, dada yangu, nawe endelea na dua. Lakini ulilolieleza ni kipandauso, nawe umelieleza vizuri kuliko vitabu vingine. Ziba jicho moja, kisha la pili: mstari utaendelea kuwepo, kwa sababu hauko jichoni. Ni wimbi linalotambaa juu ya gamba la kisogo, likizisisimua seli mbele na kuziacha zimezimia nyuma. Karl Lashley, mwanasayansi wa Marekani aliyekuwa na maradhi haya, alichora mistari yake mwenyewe dakika baada ya dakika, na mwaka 1941 akakadiria wimbi hutembea kama milimita 3 kwa dakika. Kwa nini wewe unaliona likienda kasi zaidi likifika pembeni? Kwa sababu ya ile ramani isiyogawa sawa: milimita moja ya pembeni imebeba eneo kubwa la dunia. Na meno ya msumeno yanadhaniwa kuwa ni zile seli za mistari iliyoinama, zikiamka zamu kwa zamu.

Andika tarehe, ulichokula, ulivyolala na siku za hedhi. Muonyeshe daktari, dawa zipo. Mstari ukidumu zaidi ya saa moja, au ukija pamoja na mkono kulegea, usingoje mpaka kesho.

SWALI: Mwanangu ana wiki saba. Mboni ya jicho la kushoto ina weupe ndani. Mama mkwe anasema ni mtoto wa jicho, hata yeye alikuwa nao, akafanyiwa operesheni baada ya miaka minne na sasa anatia uzi sindanoni. Anataka tungoje mtoto akue.
*Mama wa Kiwani, Pemba*

JIBU: Usingoje, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimewaomba wahariri waiingize toleo hili hili, isingoje zamu yake.

Mama mkwe wako anasema kweli kuhusu jicho lake. Aliona utotoni, mkeka wake wa kisogoni ulishashonwa, mashupatu ya macho yote mawili yapo. Ukungu ulipoondolewa alikuta kila kitu mahala pake. Mwanao ndiyo kwanza anashona. Hubel na Wiesel waliwafunga watoto wa paka na wa kima jicho moja tangu wachanga, kisha wakalifungua. Jicho lenyewe lilikuwa zima kabisa, lakini kisogoni mashupatu ya jicho lililobaki wazi yalikuwa yametanuka, na ya lile lililofungwa yamesinyaa yakawa nyuzi. Jicho lilirudi likakuta nafasi yake imechukuliwa. Walipomfunga kima mkubwa kwa muda mrefu, hakikutokea kitu.

Nakumbuka mtoto wa miaka sita aliyeletwa kwetu. Tangu mchanga jicho lake moja lilikuwa na ukungu, na pahala fulani mama yake aliambiwa angoje mtoto atie nguvu. Operesheni ilikwenda vizuri, lenzi ikawekwa, jicho likang'ara. Tukamziba lile zima na kumuonyesha chungwa. Akanyoosha mkono, akapapasa pembeni ya chungwa. Mama yake alinitazama mimi, na sikuwa na la kumwambia.

Jicho moja likiwa na ukungu, madaktari hupenda kulifanyia kazi mapema, mtoto akiwa na wiki kama sita. Mwanao ana saba. Tena weupe ndani ya mboni mara nyengine si mtoto wa jicho bali ni uvimbe wa saratani, na hilo nalo halingoji. Kesho asubuhi mpeleke spitali yenye kitengo cha macho, sema mlangoni "mtoto mchanga, mboni nyeupe", usikubali kupewa matone ukarudi nyumbani kabla daktari wa macho hajamtazama. Wakikwambia uvuke kwenda Unguja au Dar es Salaam, vuka. Baada ya operesheni watakupa miwani au lenzi ya mtoto, na watakufundisha kumziba lile jicho zima saa fulani kila siku. Atalia, atabandua, majirani watakuuliza kwa nini unamziba jicho lililo zima. Mbandike tena. Mama mkwe akitaka kuja, mchukue mfuatane, maana saa za kumshika mtoto ni nyingi na mikono miwili haitoshi.